Kutu huanzia kwenye kiungio

Mteja akija karakana kuagiza stendi ya tanki, swali lake la kwanza huwa: "Fundi, chuma hiki kitabeba?" Kitabeba. Tanki la lita 1,000 likijaa maji ni tani moja, yaani kilo 250 kwa kila mguu kati ya minne, na skwea paipu (bomba la pembe nne) ya chuma cha kawaida ikifungwa vizuri haitishiki na mzigo huo. Stendi nyingi ninazoletewa kurekebisha hapa Mwanza zimeliwa na kutu, tena mahali pale pale: palipochomelewa.

Watu hununua bomba la gavanaizi wakiamini wamemaliza kazi. Zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kwenye nyuzi 420 tu, na moto wa welding ni maelfu. Ukichomelea, zinki inaungua pande zote mbili za mshono, chuma kinabaki uchi. Tazama kwa karibu utaona ukanda wa kijivu uliofifia wenye upana wa kidole. Masika ya kwanza, ukanda huo unageuka mwekundu kwa kutu. Kwa hiyo mwambie fundi wako agonge maganda yote, asugue mshono kwa brashi ya waya, apake rangi yenye zinki nyingi, ndipo aweke rangi ya mapambo. Miguuni atoboe tundu dogo la kutolea maji, maana bomba huoza kutokea ndani pia.

Na wewe fundi mwenzangu, ondoa zinki kwanza ukiwa umevaa barakoa, kisha chomelea mahali pa wazi. Ule moshi mweupe wa zinki huleta homa na baridi kali jioni. Maziwa tunayokunywa kama kinga hayauzuii kuingia kifuani.

Alminiamu haipati kutu nyekundu na ni nyepesi, karibu theluthi ya uzito wa chuma. Lakini kwa umbo lile lile hunepa mara tatu zaidi, kwa hiyo usiipe kazi ya boriti ndefu.

Wenye meza za samaki wasikilize hapa. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi ya bahari, na stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya daraja la 304 inayatosha: ina kromiamu kama asilimia 18, inayojitandia utando mwembamba wa kujikinga. Kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ni habari nyingine. Chumvi hutoboa utando huo na kuacha vishimo vidogo kama vya sindano. Kwa kayabo nunua daraja la 316, yenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Ni ghali, ila mimi siwezi kumshauri mtu vinginevyo. Usitegemee sumaku dukani kutambua stenlesi nzuri: hata daraja la 201 la bei rahisi, lililopunguzwa nikeli, mara nyingi halinaswi na sumaku. Dai karatasi ya daraja la chuma.

Stenlesi isuguliwe kwa brashi ya stenlesi, isiyowahi kugusa chuma cha kawaida. Chembe za chuma zikibaki juu yake, zinashika kutu meza ikiwa bado mpya.