Kwa nini kikao kinaisha bila kura

Hapana ndugu yangu, hawakukaa bure. Umeuliza kwa nini madepite, yaani wabunge wa jimbo, hapa Lubumbashi wanaweza kushinda siku nzima ukumbini na jioni hakuna hata kura moja. Edi, yaani sheria ya jimbo, haimalizwi kwa siku moja. Kwanza plenari, yaani kikao cha wabunge wote, inajadili kama inafaa kupokelewa. Ikipokelewa inatumwa kwenye komisyo, yaani kamati, na kule ndiko kazi ngumu inafanyika: wanaita mawaziri wa jimbo, wanapekua hesabu, wanabadilisha maneno. Ripoti ya komisyo ikirudi ndipo wanapiga kura, kisha gavana anaitangaza.

Siku ya maswali kwa mawaziri nayo inaweza kupita bila kura, lakini mimi naiona kuwa siku kubwa kuliko zote. Sisi wa jimbo la Haut-Katanga tuna sababu ya kusikiliza vizuri. Sheria ya madini (Code minier) ya 2018 inaipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 15 inaenda kwa miji, sekta na usultani ambako wanachimba. Feza ya jimbo inaonekana katika edi ya bajeti, na bajeti inajadiliwa katika sesyo, yaani kipindi cha vikao, ya Septemba. Barabara yako mbovu, dada zetu wanaozalia njiani, vyote vinapitia pale.

Vikao viko wazi kwa raia, isipokuwa wakiamua kufunga milango. Uende siku ambayo komisyo ya fedha inasoma ripoti yake.