Re: Kwa nini "cooker" si mpishi?

Mkuu, umeuliza: kama "teacher" ni mwalimu, iweje "cooker" liwe jiko? Tatizo ni hiyo "-er", ina kazi nyingi. Mara mtendaji ("driver"), mara kifaa ("opener"). Ikibandikwa kwenye jina la mji unapata mkazi, "Londoner". Kwenye sifa inalinganisha tu: "taller", mrefu zaidi. "Printer" ndiyo kiboko: ni mtu anayechapa vitabu, na ni mashine ya hapo stationery pia.

Mpishi ni "cook", basi, bila mkia. Ukiandika kwenye CV "I am a good cooker" umejiita jiko zuri, na meneja wa hoteli atacheka kwanza. "Water" na "river" ziache, zimezaliwa hivyo hivyo.