Vizuizi vya ishara za seli: maswali yenu

Nina kichupa cha U0126 (kizuizi cha MEK, kimeng'enya kinachopeleka ishara ndani ya seli), miligramu 5. Niweke DMSO (kiyeyushi) kiasi gani nipate milimola 10? (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

Soma lebo kwanza. U0126 yenyewe ina uzito wa molekuli 380.5, lakini mara nyingi huuzwa ikiwa imeshikamana na ethanoli, na hapo uzito ni 426.6. Ya kwanza inataka mililita 1.31, ya pili 1.17. Kabla ya kufungua, zungusha kichupa kwenye sentrifuji sekunde chache, kwa kuwa unga hung'ang'ania kifuniko. Gawa mikrolita 20 kila kichupa, hifadhi nyuzi −20, na ukishayeyusha kimoja usikirudishe kwenye friza.

Dawa ileile, dozi ileile, lakini majibu ya asubuhi hayafanani na ya mchana. Kwa nini? (Fundi sanifu maabara, Dodoma)

Kama ni Juni au Julai, shuku baridi. DMSO huganda kwenye nyuzi 18.5, na usiku wa Dodoma miezi hiyo hushuka chini ya hapo bila shida. Kichupa kilichoganda nusu hudanganya: sehemu iliyobaki majimaji huwa na dawa nyingi kupita kiasi, na ndiyo pipeti inayochota. Kipashe nyuzi 37 dakika 5, kitikise, kizungushe, ndipo uchote.

Pia usidondoshe dawa moja kwa moja juu ya seli. Changanya mikrolita 2 kwenye mililita 2 za midia (majimaji ya kulishia seli) yenye uvuguvugu, upate mikromola 10, kisha badilisha midia yote. Ukiona vijisindano kwenye hadubini, dawa imejitenga na midia. Usikimbilie kulaumu bakteria.

Seli zisizowekwa chochote zinatosha kulinganishia?

Hazitoshi. Weka na zenye DMSO pekee, asilimia 0.1 ileile. Kwa U0126 kuna pia U0124, ndugu yake asiyefanya kazi.

LY294002, kizuizi cha kimeng'enya PI3K, imesimamisha ukuaji wa seli. Niandike kwamba ni kazi ya PI3K? (Mtafiti, Singida)

Bado. LY294002 hugusa pia vimeng'enya vingine, mTOR na CK2, na protini za BET, kwa hiyo seli zaweza kusimama kwa sababu nyingine kabisa. Pima AKT (protini inayopokea ishara ya PI3K) iliyotiwa fosfati kwenye serini 473: ishuke, huku AKT ya jumla ikibaki palepale. Kisha rudia kwa kizuizi chenye umbo tofauti, mfano piktilisibu. Wortmannin nayo inafaa, ila huharibika upesi ndani ya midia. Usiitegemee kwa jaribio la siku nzima.

Wanaotumia U0126 wapime fosfati kwenye ERK, protini inayowashwa na MEK. Ya MEK yenyewe yaweza hata kupanda, na wengi huitupa dawa nzima kwa sababu hiyo.

Ili kupima fosfati hizo, vunja seli juu ya barafu, bafa ikiwa na othovanadeti milimola 1 pamoja na sodiamu fluoridi, la sivyo fosfatesi (vimeng'enya vinavyoondoa fosfati) zitaifuta ishara hata kwenye seli ambazo hazikupewa dawa. Kufunika utando wa kupimia protini (western blot) kabla ya kuweka kingamwili, tumia BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) asilimia 5. Maziwa yana kaseni, nayo imejaa fosfati. Kingamwili nyingine hushika hiyo na utando wote ukawa na ukungu.