Jibu: Vibarua wa kuitwa kazi ikiwepo tu, waanzie wapi?
Ndugu, umeuliza vibarua wa Kenya wanaoitwa kazi ikiwepo tu waanzie wapi kudai saa za kazi za uhakika. Silaha yao ni kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007: siku za kazi mfululizo zikijumlika mwezi mmoja, kibarua huhesabiwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa kazi. Mambo huharibikia kwenye huo mfululizo, maana waajiri huwapumzisha watu kabla mwezi haujatimia. Kila mmoja aandike tarehe, saa za kuingia na kutoka, na ahifadhi jumbe za malipo ya M-Pesa.

Tafadhali msidai mmoja mmoja! Anayetangulia peke yake hataitwa tena. Jiungeni kwanza na chama cha wafanyakazi. Kikisajili zaidi ya nusu ya wanaostahili kujiunga, mwajiri analazimika kukitambua, na hapo ndipo mnadai saa za uhakika kwenye mkataba wa pamoja, yaani ule wa chama na mwajiri.