Barua kwa mwanangu: baada ya Porte, uchukue gari gani

Mwanangu Rehema,

Huku Morogoro hatujambo, duka la spea linakwenda, na wadogo zako wanakusalimu. Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikaona ni wa kujibu kwa maandishi, kwa sababu tukipigiana simu tutaishia kwenye habari za watoto na jambo lenyewe litabaki hewani.

Umeniambia gari lako, Toyota Porte ya 2005, limechoka. Mlango wa kuslaidi haujiendeshi tena, asubuhi gia inachelewa kushika, na fundi amekupigia hesabu ya matengenezo inayokaribia bei ya kuliuza gari zima. Unataka kujua ununue nini. Ofisini wote wanakwambia Toyota IST, baba Zuhura anataka Toyota Aqua ili kuokoa mafuta, na wewe mwenyewe huoni gari la kukutoa kwenye Porte, hata kama watu wanakushangaa na gari lako la mlango mmoja.

Nakupa jibu langu kwanza, sababu zifuate. Tafuta Toyota Raum ya umbo la pili, iliyotengenezwa kati ya 2003 na 2011, yenye injini ya 1NZ, na mlango wa kuvuta kwa mkono, usio na mota. Uinunue hapa hapa nchini, usiagize.

Nimefika hapo kwa kumfikiria wifi yangu, shangazi yako Halima, ambaye ndiye anayelipanda gari hilo kwa shida kuliko nyote. Nilipokuja kwenu Goba, Dar, nilimwangalia anavyoingia. Anageuka mgongo, anashika ukingo wa mlango, anakaa kwanza kwenye kiti, halafu ananyanyua ule mguu wa kulia kwa mkono wa kushoto na kuuingiza ndani. Anaweza kufanya hivyo bila kubebwa kwa sababu sakafu ya Porte iko karibu sentimita 30 tu kutoka ardhini na mlango umerudi nyuma kabisa, haumzuii. Tangu apate kiharusi, hilo ndilo jambo analolifanya mwenyewe mbele za watu, tena kliniki ya mazoezi anakwenda kila wiki. Ukimletea IST, mlango unafunguka kwa kupanuka nje, sakafu iko juu zaidi, na pale sokoni mnapoegesha magari yakiwa yamebanana mlango utafunguka nusu. Itabidi abebwe. Sitaki abebwe kama anaweza kuingia mwenyewe, na najua wewe pia hutaki.

Kwa hiyo usiulize ni gari gani linafanana na Porte kwa sura, wala ni lipi limejaa barabarani. Uliza Porte ilikuwa inawafanyia kazi gani. Kazi ilikuwa mlango na sakafu. Hayo mengine, mafuta, spea, bei ya kuuzia, yanafuata baada ya hapo.

Wenzako wa ofisini nisiwavunjie heshima, IST ni gari jema. Mimi gari nalijua kwa vitu ambavyo watu wanakuja kununua pale kaunta, na kwa IST wanakuja kununua vitu vya kawaida: bushi, shokapu, brekipedi, plagi. Spea zake zipo hadi kwenye maduka ya vijijini. Ukivunja taa Mikumi, Mikumi utapata taa. Ungekuwa unaishi peke yako ningekwambia chukua IST ulale usingizi. Lakini nataka ujue jambo moja ambalo wengi hawalitazami: injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST za cc 1,500 ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Raum. Ni injini ya cheni, haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Plagi, chujio la oili, pampu ya maji, hata injini nzima iliyotumika Japani, yote utayapata Ilala bila kuzunguka. Ukichukua Raum umechukua moyo wa IST ndani ya mwili unaomfaa shangazi yako.

Aqua nayo naielewa hamu ya baba Zuhura. Foleni ya kutoka Goba hadi mjini ndiyo mahali gari la haibridi linapoonyesha faida, maana mkiwa mnasogea hatua kwa hatua injini inazima na umeme unasukuma. Mafuta mtaokoa kweli. Ila betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo pembeni ya kiti hicho. Tundu hilo likizibwa na vumbi, au na mabegi na kanga za watoto, betri inapata joto na umri wake unapungua. Gari lenu linakaa na watoto wawili, mifuko ya soko na gongo la shangazi. Na ukinunua Aqua ya mtu hujui tundu hilo liliishije kwa mwenye nalo wa kwanza. Milango yake pia ni ya kupanuka, na kiti chake kiko chini sana: kukaa ni rahisi, kunyanyuka ni kazi. Mwambie baba Zuhura nimelifikiria wazo lake kwa uzito, si kwamba nimelipuuza.

Utaniuliza kwa nini isiwe Porte mpya, ile iliyotoka 2012. Ni gari zuri na walirekebisha jambo lililokuwa linanitia hofu kwenye yako. Porte yako upande wa dereva ina mlango wa dereva tu, kwa hiyo wote wa nyuma wanatokea mlango mmoja wa kushoto. Siku gari limebanwa na ukuta upande huo, au Mungu aepushe limepigwa upande huo, watoto na shangazi wanatokea wapi? Ya 2012 iliongezewa mlango wa nyuma upande wa dereva. Sasa shida ni gia boksi. Nyingi za umbo hilo ni za CVT, na Sienta, gari jingine la Toyota la milango ya kuslaidi, zile za kwanza za kuendeshwa kwa tairi za mbele nazo ni hivyo hivyo. CVT haina gia za kupanda moja moja. Ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma, puli zinabana na kuachia, na oili yake ni maalumu kwa ajili ya kuushika ule mkanda. Anakuja mteja dukani anasema nipe oili ya gia boksi. Namuuliza gari gani, anasema mama we nipe tu, oili ni oili. Nikikataa anakwenda duka la pili anapewa ya otomatiki ya kawaida. Gari la namna hiyo miezi michache baadaye linaanza kulia na kuteleza, na mwenye nalo analiosha vizuri na kuliuza. Ukinunua gari la CVT kwa mtu usiyemfahamu, hicho ndicho unachokinunua bila kukiona. Raum ya kuendeshwa kwa tairi za mbele ina gia boksi ya gia nne ya zamani, ambayo mafundi wetu wameizoea.

Na mlango? Hapo ndipo Raum inaponifurahisha. Milango yake ya nyuma ya pande zote mbili inaslaidi. Upande wa kushoto, ambao kwetu ndio upande wa kushukia abiria, hakuna nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, nguzo imewekwa ndani ya milango yenyewe. Ukifungua yote miwili unapata uwazi wa mita moja na nusu. Kiti cha abiria wa mbele kinakunjwa na kusukumwa mbele, kwa hiyo shangazi anaweza kukaa nyuma, miguu yake ikanyooka. Waliolibuni waliwafikiria na wazee na walemavu, na ukikaa ndani utaona mishikio imewekwa pale mkono unapotafuta pa kushika.

Nimekwambia mlango wa kuvuta kwa mkono kwa sababu zipo Raum zenye mota upande wa kushoto. Mota na waya zake zikizeeka mlango unakuwa mzito, kama ulivyoona mwenyewe, na si kosa la gari, ni umri. Mlango wa mkono unahitaji rola nzima na reli safi, basi. Ile reli ya chini inajaa mchanga wa barabara za kwenu. Kila ukiosha gari pitisha brashi humo na upake grisi kidogo.

Raum ina upungufu wake na sitakuficha. Vitu vya bodi, yaani bampa, taa, vioo, vishikio vya milango, si vingi kama vya IST. Utaagiza na utasubiri. Kwa hiyo ukate bima kubwa angalau mwaka wa kwanza kama kampuni itakubali kwa umri wa gari, usikimbilie bima ndogo.

Sasa kuhusu kuagiza. Raum ziliacha kutengenezwa 2011, kwa hiyo zote zimeshapita miaka 10. Ukiagiza, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, gari la umri huo linabeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na TRA wanapiga hesabu kwa thamani yao, si kwa risiti ya bei uliyonunulia. Ingia kwenye tovuti yao uweke mwaka na modeli uone mwenyewe. Hata ukifikiria kuagiza gari dogo kama Toyota Passo ya cc 996, inapona ushuru unaotozwa kwa ukubwa wa injini lakini wa uchakavu haiukwepi, na ni ndogo kwenu. Nunua mkononi mwa mtu.

Ukienda kuangalia, nenda asubuhi kabla gari halijawashwa. Weka mkono juu ya boneti. Likiwa la moto, muulize kwa nini amelipasha. Liwashe, weka D ukiwa umekanyaga breki, usikilize: gia inashika mara moja au inasita? Kisha tazama ile milango ya kushoto. Kwa kuwa haina nguzo, inashikwa na kufuli za juu na chini, kwa hiyo Raum iliyowahi kugongwa upande wa kushoto uiache, hata ikiwa imenyooshwa na kupigwa rangi nzuri. Pitisha kidole kwenye mwanya kati ya milango miwili kutoka juu hadi chini, upana usibadilike.

Halafu mkanda wa kiti. Uvute wote, hadi mwisho wake. Magari yaliyozama kwenye mafuriko ya Jangwani huoshwa mazulia, huoshwa viti, yananukia marashi, lakini ile sehemu ya mkanda iliyojiviringisha ndani ya nguzo hakuna anayeiosha. Ukiona mstari wa tope, mshukuru muuzaji uondoke. Angalia na reli za viti chini kama zina kutu.

Usidanganywe na herufi za namba. Dalali atakwambia hii ni namba E, gari jipya. Herufi zinakuonyesha lilipoingia kusajiliwa nchini, mwaka wa kutengenezwa ni mwingine. Soma kadi, linganisha namba ya chasisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bodi, na angalia madeni ya faini za barabarani na ya maegesho kabla hujatoa senti. Mauziano yafanyike kwa wakili na umiliki ubadilishwe TRA, usikubali "tutabadilisha baadaye".

Porte usiitengeneze ndipo uuze. Iuze kama ilivyo, na umwambie mnunuzi wazi kuwa gia inachelewa na mota ya mlango imekufa. Wapo mafundi wanaonunua gari la namna hiyo kwa ajili ya injini, na wanaojua wanalipa vizuri. Toa kiti cha Zuhura na karatasi zako zote ndani, na usimkabidhi mtu kadi kabla pesa haijaingia.

Ukipata Raum mbili au tatu, nitumie picha za mwanya wa milango ya kushoto, chini ya boneti, na kadi. Rangi usinitumie, sina haja nayo. Nitakuja Dar wiki ya mwisho wa mwezi kuchukua mzigo wa duka, tutakwenda pamoja kuiangalia, na shangazi Halima tumchukue akajaribu kuingia na kutoka yeye mwenyewe kabla hatujataja bei. Akishindwa, tunatafuta nyingine.

Mbusie Zuhura na mdogo wake. Msalimie baba yao.

Mama yako