Mnamhamisha Tena? Majibu kwa Walezi wa Kambo na wa Makao

Barua zinazouliza yale yale niliyokwisha kuyajibu nimeziweka kando. Hizi ndizo zilizobaki, nyingi za walezi wa kambo, yaani wanaolea nyumbani kwao mtoto wa wengine aliyeletwa na ofisi ya ustawi wa jamii, na za walezi wa makao ya watoto.

"Tunaye mvulana wa miaka 9, huu ni mwezi wa tatu. Anakula mezani mpaka anashiba, lakini kila nikifagia nakuta mkate chini ya godoro, mwingine umeota ukungu. Nimemkanya, nimemnyima hata televisheni. Au afisa ustawi amtafutie nyumba inayomfaa zaidi?" — Mlezi wa kambo

Kwanza mrudishie televisheni yake. Mtoto aliyewahi kulala njaa bila kujua kesho kuna nini hawezi kulisahau hilo kwa milo ya miezi mitatu. Anajiwekea akiba ya siku ambayo aliwahi kuiona kwa macho yake. Mtafutie kopo lenye kifuniko, aliandike jina lake mwenyewe, likae chumbani kwake, nawe ulijaze vitu visivyoharibika upesi. Likiisha, jaza tena bila hotuba. Wiki za mwanzo huenda akalimaliza kwa siku moja. Mwache, anapima kama neno lako ni neno. Mkate wenye ukungu utupeni pamoja, kisha mpe mwingine papo hapo. Kabati la chakula usilitie kufuli. Ila akiwa anakula mpaka anatapika, au anakula vitu visivyo chakula, mpeleke kwa daktari.

Sasa hiyo habari ya nyumba inayomfaa zaidi. Kwa mkate? Kila akihamishwa anaanza upya shule, marafiki na sheria za nyumba: mlango gani hubishwa hodi, taa huzimwa saa ngapi, nani akinuna ni wa kuogopwa. Na anazidi kuamini kwamba watu wazima hawana kudumu. Akifika nyumba ya nne hatangoja kufukuzwa. Ataharibu mapema ili siku ya kuondoka aichague yeye. Halafu mtaandika kwenye faili kwamba "ameshindikana".

"Tumempa kila kitu. Mbona hana shukrani?" — Wengi

Hamumdai kitu. Swali hili likija tena nitaliruka.

"Binti tunayemlea ana miaka 7, na hukutana na mama yake kila baada ya wiki mbili. Akirudi hukojoa kitandani na kuvunja vitu siku mbili tatu. Tuombe ziara zisitishwe?"

Msikimbilie huko. Mtoto kuvurugika baada ya ziara mara nyingi maana yake ni kwamba ameagana na mama yake kwa mara nyingine, na kwamba ana miaka 7. Angerudi bila dalili yoyote, mwezi baada ya mwezi, ningekuwa na wasiwasi zaidi. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto aliyetenganishwa na wazazi haki ya kuonana nao mara kwa mara, isipokuwa pale inapokwenda kinyume na maslahi yake. Haki hiyo ni yake. Msije mkaifuta siku amekosa adabu.

Ziara zenye madhara zipo. Mzazi anakuja amelewa, anamtisha, anampiga, au anamwagiza atunze siri. Mtoto anaanza kutetemeka siku mbili kabla ya kwenda. Mkiona hayo, andikeni tarehe na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, mpigieni afisa ustawi siku hiyo hiyo, na msimhoji mtoto kama polisi. Uamuzi ni wa mahakama au wa ofisi ya ustawi, wala si wa sebule yenu.

Vinginevyo fanyeni jioni ya ziara iwe nyepesi. Pasiwe na wageni wala hesabu za shule. Tandikeni shuka la mpira bila maneno, na asubuhi badilisheni matandiko bila maneno. Picha ya mama yake ikae mahali anapoweza kuifikia bila kuomba ruhusa. Na yale mnayonong'onezana jikoni juu ya huyo mama, mtoto anayasikia. Ukimtukana mama, umemtukana na yeye.

"Naweza kuweka picha ya mtoto ninayemlea mtandaoni nikificha macho yake?"

Hapana.

"Mimi ni mlezi wa zamu katika makao. Mkuu wetu anasema tusiwazoee watoto wala kuwakumbatia, maana tukiacha kazi wataumia. Ni kweli?"

Si kweli, na inashangaza kwamba bado inasemwa. Mwaka 1951 John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya madhara yanayompata mtoto mdogo anayekosa mtu wa kumlea kwa ukaribu na kwa mfululizo. Nusu karne baadaye, kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika taasisi za Bucharest, Romania. Kwa kura, baadhi walipelekwa kwa walezi wa kambo na wengine wakaendelea na malezi ya taasisi. Waliokwenda kwenye familia waliendelea vizuri zaidi kiakili na katika kushikamana na walezi wao, na hasa waliotoka taasisini kabla ya kutimiza miaka 2 hivi. Katika taasisi zile watoto walilishwa na kuvishwa. Mtu wa kumwita "wangu" ndiye aliyekosekana. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Malezi Mbadala, ya mwaka 2009, inasema wazi kwamba watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka 3, walelewe katika mazingira ya familia. Kama mna kitanda cha mtoto mchanga hapo makao, muulize mkuu wako kinafanya nini.

Kwa waliopo, kila mtoto awe na mlezi mmoja anayemjua kwa undani: saizi ya kiatu, jina la mwalimu, ndoto inayomwamsha. Ratiba ya zamu ibandikwe ukutani na picha zenu, ajue kesho ataamshwa na nani. Anayeacha kazi aage mwenyewe, uso kwa uso, wiki kadhaa kabla. Kutoroka kimya kimya ndiko kunakomvunja mtoto. Kumbatio liwe mahali pa wazi, naye awe huru kulikataa. Na kama walezi wenu hawadumu, mkuu atazame mishahara na zamu za usiku mfululizo kabla ya kutunga falsafa.

"Msichana wa miaka 15 hapa kwetu anajikata mikononi. Wenzangu wanasema anatafuta kuangaliwa, tumpuuze."

Msimpuuze hata siku moja. Wengi hujikata kwa siri ili kupunguza maumivu wasiyoweza kuyasema, na huyu hata kama anataka kuangaliwa, basi mwangalieni. Kaa naye leo, faragha, bila kupiga kelele wala kumtaka aape kwamba hatarudia. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na mara nyingi kunampa nafasi ya kusema. Vidonda vitibiwe. Dawa na vitu vya makali viwekwe mbali. Apate mtaalamu wa afya ya akili haraka, na akisema ana nia au mpango wa kufa, asiachwe peke yake hata dakika moja, apelekwe hospitali sasa hivi. Halafu chunguzeni kimya kimya kama kuna mtu hapo ndani anayemdhuru.

"Ndugu watatu, makao yanataka kuwagawa kwa umri. Inaruhusiwa?"

Miongozo ile ile ya 2009 inataka ndugu wasitenganishwe, ila kukiwa na hatari ya dhuluma au sababu nyingine inayohusu maslahi yao. Mpangilio wa vitanda vya makao haumo.

"Shikamoo. Natimiza miaka 18 baada ya miezi minne. Wameniambia nitapewa begi na nauli. Naogopa." — Kijana wa makao

Marahaba, mwanangu. Una haki ya kuogopa, na waliokuambia hivyo walipaswa kuona haya. Maandalizi ya kutoka yanatakiwa kuanza mapema, na msaada uendelee baada ya kutoka.

Wiki hii omba kwa maandishi kikao cha mpango wako wa kutoka, nawe ukiwa umeketi mezani. Omba nyaraka halisi: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kumbukumbu za matibabu, kitambulisho au hatua za kukipata. Usikubali kuambiwa "tutakutumia". Omba kusoma faili lako ujue kwa nini uliletwa na ndugu zako wako wapi, lakini usilisome peke yako. Ukiwapata ndugu, watembelee mara kadhaa kabla ya kuhamia kwao. Andika majina ya watu unaoweza kuwapigia simu saa nane za usiku. Usipopata hata mmoja, liseme kwenye kikao, maana hilo lina uzito kuliko begi. Na atakayekuja na kazi nzuri ya mbali, akitaka akushikie kitambulisho, mkatae hata akiwa anatajwa vizuri na watu unaowaheshimu. Vijana wanaotoka makao huwindwa.

Wakuu wa makao, mlimfundisha lini huyu kupika, kupanga fedha zake, kwenda hospitali mwenyewe? Mwanzo wa hayo ni miaka 13 au 14, wala si wiki ya mwisho.

"Kikundi chetu kinataka kwenda makao siku moja tukacheze na watoto na kuwapa zawadi. Kutoa ni moyo."

Basi toeni bila kwenda. Watoto hawa wameshachoka kuimbia wageni watakaoondoka jioni na picha zao. Ulizeni makao wanahitaji nini, au saidieni familia moja isifike mahali pa kumleta mtoto makao kwa sababu ya ufukara. Wengi wao wana mzazi aliye hai.

"Nataka kuasili mtoto. Kuna mtu amesema atanisaidia kwa malipo."

Mkimbie. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii mwenyewe, na jina la mtu huyo uwaachie wao.