Kuchoma DVD Nyumbani na Kuwa na Hakika Kwamba Itasomeka

Hapa Bukavu, picha za harusi na nyimbo za kwaya bado huombwa kwenye DVD, kwa sababu familia nyingi zina lekta, yaani mashine ya kuchezea DVD, sebuleni lakini hazina intaneti ya kutazamia video ndefu. Kazi hiyo ya kuchoma, yaani kuandika faili kwenye diski kwa leza, naifanya nyumbani, na kila anayeniuliza humwambia asiridhike pale programu inapotangaza kwamba imemaliza, bali aisome diski yote, tena katika mashine nyingine.

Umeme uangaliwe kwanza. Leza huandika kwa kubadilisha tabaka la rangi lililo ndani ya diski, na sehemu ya DVD-R (diski ya kuandikwa mara moja tu) iliyokwisha kuchomwa haichomwi tena, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, mara nyingi diski hiyo ni ya kutupwa. Mimi hutumia kompyuta ya mkononi yenye betri nzima iliyojaa chaji. Faili nazo nazinakili kwanza ndani ya kompyuta, kwa maana kuchoma moja kwa moja kutoka kwenye flashi huweza kuchelewesha data, na kichomeo kikalazimika kusimama na kuanza tena.

Kuhusu kasi, diski iliyoandikwa 16x, yaani inayoweza kuchomwa kwa hadi mara 16 ya kasi ya msingi ya DVD, naichoma kwa 8x. Wako wanaoshauri kasi ya chini kabisa, nami sikubaliani nao, kwani diski za kasi kubwa hazikutengenezwa kwa ajili ya mwendo wa polepole mno, na wakati mwingine makosa huongezeka badala ya kupungua. Hata hivyo 16x naiepuka: kichomeo huanzia karibu na tundu la katikati na kuelekea nje, na kasi yake ya juu kabisa hufikiwa ukingoni, mahali ambapo makosa hupenda kutokea na ambapo vidole vya watu hushika. Kwa sababu hiyohiyo sijazi DVD hadi mwisho. Kasha husema GB 4.7, kompyuta nyingi huhesabu nafasi hiyohiyo kuwa 4.38 hivi, nami huishia 4.2, video ikizidi hapo, naigawa katika diski mbili.

Ukinunua diski sokoni Kadutu, chukua chache uzijaribu kabla ya kununua kasha zima.

Kabla ya kuanza, chagua diski ifungwe mwishoni (finalize), yaani isiongezwe kitu tena, kwa kuwa lekta nyingi za zamani haziwezi kusoma diski iliyoachwa wazi, na uruhusu programu ihakiki ilichoandika. Kisha iweke kwenye lekta ya kawaida utazame dakika za mwisho za video, si za mwanzo tu. Jina liandikwe kwa kalamu yenye ncha laini ya kuandikia diski; karatasi ya kubandika huifanya diski iyumbe inapozunguka. Iweke mbali na jua, na faili ya asili usiifute mpaka mwenye harusi aseme ameitazama nyumbani kwake hadi mwisho.